Nadhiri ya Bibi: siku tano katika Mlima Emei

Siku ya kwanza

Bibi alifika stesheni kabla yetu. Tulikubaliana saa mbili asubuhi, sisi tukafika saa mbili kasorobo tukijiona hodari, tukamkuta ameketi juu ya begi lake, miguuni raba za kijani kama za mgambo, begani mfuko wa kitambaa cha manjano wenye maandishi mekundu. Ana miaka 71. Ni bibi mzaa mama wa mwenzangu wa darasani hapa Chengdu, na yeye ndiye mwenye safari. Sisi wasichana wawili tulikuwa wasindikizaji, ingawa mimi nilikuwa nimejidanganya kwamba nakwenda kuangalia msitu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mjukuu alipokuwa anajiandaa na mtihani wa kuingia chuo kikuu, Bibi aliweka nadhiri: mtoto akifaulu, atapanda Emei kwa miguu yake, kutoka chini mpaka kileleni. Mtoto akafaulu. Kisha ikaja korona, baada ya korona likaja goti, kila mwaka ikawa mwakani. Sasa mtoto yuko shahada ya pili na Bibi anasema deni limeanza kumkosesha usingizi. Mimi mtu wa Lushoto sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Kwetu nimeona watu wakihangaika kuondoa nadhiri ya mbuzi mmoja kwa miaka kumi.

Wabudha wa China wana milima minne mitakatifu, na kila mlima una bodisatwa wake, yaani kiumbe aliyefikia ukingo wa uokovu akachagua kubaki asaidie wengine. Wutai ni mlima wa Wenshu, wa hekima. Putuo, ulio kisiwani, ni wa Guanyin, wa huruma. Jiuhua ni wa Dizang, aliyeapa kuwatoa walio motoni. Emei, huku Sichuan, ni wa Puxian, bodisatwa wa matendo, anayejulikana kwa nadhiri zake kumi kuu. Ndiyo maana Bibi alimwendea huyu. Aliniambia ndani ya treni, kwa Kichina cha Sichuan ambacho nusu yake ilinipita: "Mwenye kuapa anamwelewa mwenye kuapa."

Treni ya mwendo kasi ilituchukua saa moja na kitu. Nyumba ya wageni tuliyokuwa tumelipia kwa simu ikanikataa mlangoni kwa sababu ya pasipoti, eti hawapokei wageni wa nje. Mwenzangu akaanza kubembeleza. Bibi hakubembeleza. Aliketi kwenye ngazi zao, akafungua chupa yake ya chai, akasema atapumzika hapo hadi wapate jibu zuri. Tulirudishiwa fedha zetu haraka sana, na jirani yao akatupokea bila maneno.

Alasiri tukazunguka mahekalu ya chini. Baoguo ndilo lango la mlima, na jina lake lilitolewa na mfalme Kangxi wa ukoo wa Qing. Hapo nilifundishwa adabu: usikanyage kizingiti, kivuke hata kikiwa cha kufika gotini, pita mlango wa pembeni, wa katikati si wako, usipige picha sanamu zilizo ndani. Bibi akanunua vijiti vitatu vya udi, vitatu tu, na kuwacheka vijana waliobeba mafungu mazito kama kuni. Kisha akatoa ule mfuko wa manjano ugongwe muhuri wa hekalu. Nikaelewa kwamba ule mfuko ndio daftari la deni.

Mbele kidogo ni Fuhu, hekalu lililozama katikati ya miti mirefu. Wanasema paa zake hazibaki na jani hata moja, ingawa msitu umezifunika pande zote, na Kangxi huyohuyo aliandika kibao cha kusifia usafi huo. Niliangalia kwa makini. Nilihesabu majani manne. Mwenzangu akanisihi nisimwambie Bibi.

Siku ya pili

Wageni wengi wa Emei hupanda basi chini, wakashushwa karibu na kilele, wakaingia kwenye kebo, kile kibanda kinachovutwa juu kwa waya, wakapiga picha, wakarudi kulala Chengdu. Bibi hakutaka kusikia habari za basi. Njia yake ilikuwa ile ya zamani ya mahujaji: ngazi za mawe kutoka Fuhu kupita mahekalu ya Leiyin, Chunyang na Zhongfeng, hadi Qingyin Ge. Asubuhi nzima tulikutana na watu wasiofika ishirini.

Niseme kuhusu ngazi, maana ndizo mlima wenyewe. Nilikuwa nawaza kijia cha udongo kama vya msitu wa Magamba kwetu, mizizi na tope. Hapa kila hatua imejengwa. Mtu fulani, karne fulani, alibeba lile jiwe akaliweka pale. Mwanzoni unashukuru. Baada ya saa tatu unatamani udongo, kwa sababu udongo hukuachia uchague urefu wa hatua yako, na jiwe limekwisha kukuchagulia.

Msitu wa chini ni wa majani mapana yasiyopukutika, mweusi na wenye unyevu, mianzi imejipenyeza kila upenyo. UNESCO, waliouweka mlima huu kwenye urithi wa dunia mwaka 1996 pamoja na sanamu ya Budha mkubwa wa Leshan, wanataja zaidi ya aina 3,200 za mimea. Mimi sikuhitaji takwimu. Ile harufu ya majani yanayooza na ukungu ilinikuta kwenye kona moja baada ya Chunyang ikanisimamisha. Ilikuwa harufu ya nyumbani, ya njia ya kwenda kisimani mwezi wa Mei. Bibi akadhani nimechoka, akanipa yai la kuchemsha.

Chunyang yenyewe ilianza kama mahali pa Watao, wafuasi wa dini ya kale ya Kichina, kabla ya Wabudha kuichukua. Emei nzima ina historia hiyo, dini moja juu ya nyingine kama rangi za ukuta wa zamani. Nilimuuliza Bibi kama hilo linamsumbua. Akasema mlima hauulizi.

Qingyin Ge ni kibanda kidogo cha roshani mahali mito miwili, Joka Jeusi na Joka Jeupe, inapokutana na kulipiga jiwe kubwa wanaloliita Moyo wa Ng'ombe. Jina lenyewe maana yake ni sauti safi. Wauzaji wa mahindi ya kuchoma na fimbo za mianzi wamejaa, hiyo sauti safi lazima uitafute. Fimbo nilinunua. Bibi alikuwa na ya kwake tangu Chengdu.

Jioni tukafika Wannian, mita kama elfu moja juu ya usawa wa bahari, na hapa ndipo nilipopata nilichokuwa sikitafuti.

Katikati ya hekalu kuna jengo la matofali lililokamilika mwaka 1601, chini mraba, juu mviringo, bila boriti hata moja ya mbao. Mtu wa pwani akiliona atasema moja kwa moja: kuba. Mwenzangu alinieleza kwamba ni dunia iliyo mraba na mbingu iliyo duara, nami nikawa nafikiria makuba ya misikiti ya Tanga. Moto wa mwaka 1946 uliteketeza majengo ya mbao kulizunguka, hili likabaki. Ndani yake, akiwa amelijaza jengo hadi unajiuliza aliingiaje, yuko Puxian wa shaba nyeusi na dhahabu, ameketi juu ya tembo mweupe. Alisubiwa mwaka 980, enzi ya Song. Uzito wake tani 62.

Tembo ana pembe sita, tatu kila upande.

Mimi nimewaona tembo, wa kweli, Mkomazi, na kwa kawaida nacheka nikiona tembo waliochorwa na watu wasiowahi kumuona. Huyu sikumcheka. Miguu yake imesimama sawasawa kama inavyosimama ya tembo anayebeba uzito, na kila mguu umekanyaga ua la yungiyungi. Nilibaki pale hadi mtawa mmoja kijana akaja kuzima taa. Hakunifukuza. Alisema "Amituofo", salamu yao, akasubiri.

Bibi alisujudu mara tatu kwenye mto wa magoti. Goti bovu lilimfanya ainuke kwa zamu, mkono kwanza, kisha mguu, na mjukuu hakuthubutu kumsaidia. Mimi nilisimama pembeni mikono nimeifunga mbele. Hakuna aliyeniuliza kwa nini sisujudu, na kitambaa changu cha kichwani kilitazamwa kwa udadisi tu, kama kinavyotazamwa sokoni.

Halafu chakula. Hili nawaandikia Waislamu wenzangu mnaosoma China, maana hakuna aliyeniambia mapema. Chengdu ni mji wa raha ya kula, lakini nguruwe yumo mpaka kwenye mafuta ya kukaangia mchicha, na mwaka wangu wa kwanza niliishi kwa mayai na noodozi za Lanzhou, za mikahawa ya Waislamu. Jikoni mwa hekalu hakuna nyama ya aina yoyote wala mafuta yake. Wali, kabeji, tofu yenye pilipili ya Sichuan inayotia ganzi ulimi, machipukizi ya mianzi, kachumbari ya figili. Nilikula bakuli tatu bila kuuliza swali hata moja, kwa mara ya kwanza tangu nitue nchi hii. Sharti ni moja, usibakize punje. Chai ilikuwa ya kijani, ya mlima huuhuu, bila sukari, bila tangawizi. Mtoto wa mashamba ya chai ya Usambara alivumilia.

Kuna dimbwi hapo Wannian lenye vyura wanaosifiwa kwa kulia kama nyuzi za zeze. Mwishoni mwa Oktoba walikuwa kimya. Tulilala chumba cha vitanda vinne, blanketi zito lenye harufu ya udi.

Siku ya tatu

Sitaandika mengi kuhusu asubuhi. Ngazi, ukungu, ngazi. Baada ya Huayan Ding njia inashuka, na kila hatua unayoshuka unajua utailipa tena mbele. Kilima cha mwisho kinaitwa Zuantianpo, mteremko unaotoboa mbingu, na aliyekipa jina hakuwa na chumvi.

Lakini wapagazi lazima niwaandike. Tulianza kuwasikia kabla ya kuwaona, pumzi na kugonga kwa fimbo. Wanaume wa umri wa baba yangu, mmoja kabeba magunia mawili ya mchele, mwingine saruji, mwingine mtungi wa gesi, vyote mgongoni kwenye fremu ya mbao. Fimbo yao ina kichwa kama herufi T. Akichoka haketi, kwa sababu akiketi hatainuka. Anaiweka fimbo chini ya mzigo nyuma yake, mzigo unakaa juu ya fimbo, na yeye anasimama wima anapumua. Kisha anaendelea. Kila tofali la kila hekalu la juu lilipita njia hii hii, na kila bakuli nililokula.

Nilikulia nikiwaona mama zetu wakishuka gulio la Soni na tenga la kabeji kichwani, ngata chini ya tenga, mtoto mgongoni. Nilidhani najua kubeba. Nilimsogelea mpagazi mmoja nikamuuliza uzito. Akataja kilo sitini, akanitazama juu hadi chini, akauliza nimetoka wapi. Nikasema Tanzania. Akafikiri kidogo, akauliza kama kule kuna milima. Nikamwonyesha picha ya Kilimanjaro kwenye simu. Swali lake la kwanza lilikuwa kama una ngazi.

Bibi alikuwa anatembea kwa namna ambayo nilianza kuiiga saa sita mchana. Hatua fupi, hasimami, haongei, hatazami juu. Sisi tulikimbia, tukasimama, tukapiga picha, tukanywa maji, tukakimbia tena, na kila tulipoketi alitupita kama saa ya ukutani. Mjukuu, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa ananong'ona kwamba yote haya yangefanyika kwa basi na Puxian asingejua, alinyamaza kabisa ilipofika saa nane. Sijui ni uchovu au ni kitu kingine.

Tulifika Xixiangchi, dimbwi la kuogeshea tembo, jua likianza kuzama. Ni zaidi ya mita elfu mbili. Hekaya inasema Puxian alimwogesha tembo wake hapa kabla ya kwenda kileleni. Dimbwi lina pembe sita na ni dogo. Yule tembo wa Wannian asingeingiza hata mguu mmoja.

Wenyeji halisi wa Xixiangchi ni nyani. Si nyani wetu wa mdomo mrefu, wala si tumbili: wanene, manyoya mazito, ndevu za kahawia, mkia mfupi kama kidole gumba. Tulikuwa tumeonywa, ficha chakula, usiwaangalie machoni, onyesha viganja vitupu. Nilionyesha viganja. Dume moja likapita nyuma yangu taratibu kabisa, likafungua zipu ya begi langu, narudia, likafungua zipu, likatoa pakiti ya tende nilizotumiwa na dada yangu aliyeko Muscat, likaenda kuketi juu ya paa la hekalu. Likawa linatema kokwa moja moja juu ya vigae. Mtawa aliyekuwa anafagia alitazama juu, akatazama kokwa, akaendelea kufagia.

Bibi alicheka hadi akashika mbavu. Ndiyo mara ya kwanza aliniita "meier", jina la kumwita msichana huku Sichuan, akasema nimetoa sadaka yangu na mimi.

Siku ya nne

Asubuhi goti la Bibi lilikuwa limevimba. Alilipaka dawa yenye harufu ya karafuu na kafuri, akalifunga kitambaa, akatangulia kutoka.

Msitu hapa umebadilika. Majani mapana yameisha, imebaki misonobari mirefu ya baridi yenye ndevu za kuvu, na vichaka vya rododendroni visivyo na maua msimu huu. Kimya kabisa. Halafu, bila onyo, tunatokea Leidongping, kituo cha juu cha mabasi, na kumbe mabasi yote ya Sichuan yalikuwa huku. Vipaza sauti, bendera za waongoza watalii, makoti mekundu ya kukodi, makopo ya oksijeni, soseji. Nilitaka kurudi msituni. Dada mmoja mwenye viatu vya visigino alituuliza tumepanda basi la saa ngapi. Mjukuu akajibu kabla ya mtu yeyote: "Tumetembea na Bibi yangu kutoka Baoguo." Alisema kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kutoka Jieyin kuna kebo inayokufikisha juu kwa dakika chache. Tulisimama mbele ya dirisha la tiketi. Bibi aliusoma ubao wa bei wote, mstari kwa mstari, akaguna, akarudi kwenye ngazi.

Sehemu hii ya mwisho ilituchukua muda mrefu kuliko zote. Alipumzika kila baada ya ngazi thelathini, kisha ishirini, kisha kumi. Sisi tukaacha kuhesabu. Mtu mmoja wa machela za mianzi akamfuata akitaja bei inayoshuka kila tulipopanda. Mwishowe Bibi akamwambia kitu ambacho mjukuu alikataa kunitafsiria, na yule bwana akaenda zake akicheka.

Kileleni, Jinding, tulifika saa kumi jioni. Mbele yetu kulikuwa na ukungu mweupe kama maziwa na ndani yake tembo wa mawe wakitokea mmoja mmoja kandokando ya ngazi. Sanamu ya Puxian wa pande kumi, iliyosimamishwa mwaka 2006, ina urefu wa mita 48, kwa hesabu ya nadhiri 48 za Budha Amituofo, na imepakwa dhahabu. Mita 48 za dhahabu, na sisi tukiwa miguuni pake hatukuona ila msingi na magoti ya tembo. Watalii walikuwa wanadai wamepunjwa.

Bibi hakulalamika. Aliizunguka sanamu mara tatu kwa mkono wa kulia, mkono mmoja ukutani. Kisha akaenda kugongewa muhuri wa mwisho kwenye mfuko, na alipoona karani anataka kuugonga pembeni, akaunyoosha kitambaa mwenyewe na kumwonyesha mahali pa katikati alipokuwa amepaacha wazi siku zote nne.

Siku ya tano

Saa kumi na moja na nusu alfajiri watu walikuwa wameshajipanga kwenye uzio wa upande wa mashariki, ukingoni mwa genge linaloshuka mamia ya mita. Wanasubiri jua na, wakibahatika baadaye, ule mwanga wa Budha: jua likiwa mgongoni mwako na mawingu chini yako, kivuli chako hutua juu ya mawingu kikiwa kimezungukwa na pete ya rangi za upinde wa mvua. Ni matone ya ukungu yanavyoupinda mwanga. Zamani walikuwepo walioona pete ile ikiwaita, wakaruka. Siku hizi uzio ni mrefu.

Mimi nilihitaji upande wa pili. Kutoka hapa kibla ni magharibi, na magharibi palikuwa patupu. Nikatandika koti langu la mvua nyuma ya jengo, nikasali alfajiri, nikabaki nimeketi. Ukungu ulikuwa umeshuka usiku. Chini kote ni mawingu yaliyotulia kama bahari ya Tanga wakati wa kusi limekatika, na mbali juu ya mawingu, mstari wa theluji. Gongga, mlima wa zaidi ya mita 7,500, ambao kutoka hapa uko karibu sawa na upande wa kibla changu. Ncha yake ikaanza kuwa ya waridi wakati watu wa mashariki bado wanapuliza mikono.

Nikasikia fimbo nyuma yangu. Bibi alikuwa amekuja kunitafuta na yai la kuchemsha. Aliketi kando ya koti, si juu yake, na tukatazama pamoja hadi waridi ikawa njano na huko nyuma watu wakaanza kupiga kelele kwamba jua limetoka. Mwanga wa Budha haukutokea siku hiyo. Sanamu ilionekana yote, nyuso kumi, inang'aa hadi unafumba macho, na nakiri nilimpenda zaidi yule wa shaba wa Wannian.

Baada ya uji mjukuu alifungua ramani. Alikuwa amebadilika mtu. Akaanza kueleza kwamba tukishuka kwa kupitia Xianfeng tutaona upande mwingine wa msitu, siku mbili tu, na kuna kona zinazoitwa tisini na tisa.

Bibi alikuwa amekwisha kufunga begi. Mfuko wa manjano aliukunja mara nne akauweka ndani, chini kabisa.

"Niliapa kupanda," alisema. "Kushuka sikumwahidi mtu."

Akaelekea kwenye kebo.